Nilimwita mwanangu kikojozi

Wazazi wenzangu, leo nina jambo la kukiri mbele yenu. Kwa muda wa miezi mitatu nilimwonea mwanangu. Alikuwa mgonjwa, nami nikadhani ni mvivu na mtundu. Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Yumkini hata wewe unayesoma hapa una godoro limeanikwa uani asubuhi ya leo.

Sisi ni watu wa Pujini, Wilaya ya Chake Chake, kisiwani Pemba. Mimi ni mshonaji nguo, nina cherehani yangu barazani na watoto wanne. Huyu ninayemzungumzia ni wa pili, na wakati ule alikuwa na miaka minane. Kukojoa kitandani alikuwa ameshaacha tangu hajatimia miaka minne, mapema kuliko kaka yake. Nilikuwa nikimsifu kwa hilo mbele ya majirani.

Kisha, mvua za masika zilipokwisha, akaanza tena. Siku ya kwanza nilisema ni usingizi mzito. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu nilimwamsha kwa kofi.

Mchana nako mambo yalikuwa hayohayo. Anakaa kula, hata tonge ya tatu hajafika, anainuka mbio kwenda chooni. Nikimtuma dukani, anasimama njiani nyuma ya mnazi. Chuoni maalimu alilalamika kuwa kila akifika aya ya pili anaomba ruhusa. Skuli nako nikaitwa, nikaambiwa mtoto wako hatulii darasani. Nikimuuliza, "Umekojoa?" ananijibu, "Kidogo tu, mama." Na kweli ilikuwa kidogo, matone tu. Mimi nikaona huyu amegundua hila ya kukimbia masomo.

Nikachukua hatua, kama tunavyosema wazazi. Nilimkataza kunywa maji kuanzia magharibi. Godoro nililianika mbele ya nyumba badala ya uani, ili aone haya. Na siku moja binamu zake walipokuja, nikamwita kikojozi mbele yao. Jina lile likashika. Baada ya wiki moja hata mdogo wake wa miaka minne alikuwa akimwita hivyo.

Aliyenizindua ni mama yangu. Alikuja kutoka Wete kututembelea, akakaa barazani pembeni ya cherehani yangu, akalitazama godoro lile lilivyowekwa njiani kila mtu alione. Mama yangu si mtu wa maneno mengi.

Hapa kwetu kila mtoto anaijua habari ya Mkame Ndume, mtawala wa zamani ambaye magofu ya ngome yake yapo hapahapa Pujini. Wazee husimulia kuwa alikuwa mkali kupita kiasi, hata akawalazimisha watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakijiburuza kwa makalio.

Mama akasema, "Kumbe Mkame Ndume hakufa. Kahamia nyumba hii."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umesahau," akaniuliza, "ulipokuwa darasa la tatu, ulivyokuwa ukikimbia nyuma ya nyumba kila saa?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipotaja ndipo nikakumbuka: miaka ile wengi wetu tuliokuwa tukioga mtoni tulikojoa damu. Wavulana walikuwa wakishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi. Tulikuwa tunaliona jambo la kawaida, kama mafua.

Mama akamwita mjukuu wake, akamweka karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mkojo wako una rangi gani, baba?"

Mtoto hakumtazama bibi yake. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Unakuwa wa kawaida, halafu mwishomwisho unatoka mwekundu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Niliogopa utanipiga kwa kwenda mtoni."

Usiku ule sikulala. Nilihesabu makofi.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea, dada kijana mwenye subira, alituambia tusubiri. Alieleza kuwa mkojo wa kupima ugonjwa huu unafaa zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu wakati huo ndipo mayai ya minyoo hutoka kwa wingi. Wakati ulipofika alimwambia mtoto arukeruke kidogo uwanjani, kisha akampa kikopo. Akasisitiza kuwa anataka na yale matone ya mwisho.

Kwanza alichovya kijiti chenye viraka vya rangi, rangi ikabadilika: kuna damu. Kisha akachukua mililita 10 za mkojo, akazichuja kwenye kichujio chembamba na kukiweka chini ya darubini. Akanikaribisha nichungulie. Niliona kitu mfano wa punje ya mchele, chenye mwiba mmoja mkali kwenye ncha.

"Hicho ni yai la mnyoo wa kichocho," akasema. "Hayo ndiyo yaliyomo kwenye kibofu cha mtoto wako. Yanatoboa ili yatoke nje. Mengine hayatoki, yananasa mlemle kwenye ukuta wa kibofu, na mwili unayapiga vita, pakavimba."

Nikamwambia ukweli. "Dada, mimi nilidhani anafanya makusudi. Damu naielewa, yai lina mwiba. Lakini kwa nini anakimbia chooni kila mara na hana kitu? Na kwa nini anajikojolea usiku na zamani alikuwa hajikojolei?"

Hapo ndipo alipovuta kiti akakaa. Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu maneno yale ndiyo yaliyonibadilisha.

Kibofu, alisema, ni mfuko wa msuli. Lakini msuli wake hauko kama wa mkono. Mkono ukiuambia inuka unainuka. Msuli wa kibofu ni wa aina nyingine, ya misuli laini, kama ile ya utumbo na ya mji wa mimba. Huwezi kuuamrisha ujikaze wala ulegee. Unachoweza kuamrisha ni msuli mwingine, ule wa kufunga mlango chini yake. Mtoto anapojifunza kutojikojolea, anajifunza kufunga mlango na kusubiri. Kibofu chenyewe hafanyi nacho mapatano ya moja kwa moja.

"Sasa wewe ni mshonaji," akasema, "unaijua bitana."

Naijua bitana. Ni kitambaa cha ndani ya koti, hakionekani, lakini koti lisilo na bitana halikai mwilini.

Basi kibofu nacho, alisema, kina bitana. Ni utando mwembamba wa tabaka chache za chembe hai, na zile za juu kabisa ni pana, zimefunika zile za chini kama mwavuli. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mkojo usipenye kuingia kwenye nyama, kwa sababu mkojo ni uchafu ambao mwili umeshautoa na unachoma.

Ila bitana hii ina kazi ya pili, ambayo bitana ya koti haina. Inazungumza na msuli. Kibofu kikijaa, utando unavutika. Ukivutika unatoa kemikali, mojawapo inaitwa ATP, nazo zinaigusa mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Mishipa ile inapeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo: mfuko unajaa. Utando huohuo hutoa vitu vinavyouamsha msuli ujikaze, na hutoa pia kitu kinachoutuliza usijikaze kwa nguvu kabla ya wakati. Ukiwa mzima, maneno haya mawili, "tulia" na "minya", yanakwenda kwa mizani. Kibofu kinajaa taratibu na mtoto anacheza hata saa tatu bila kukumbuka choo.

"Kwa mtoto wako bitana imejeruhiwa," akasema. "Imevimba, na mishipa ya fahamu chini yake imekuwa kama kidonda kilichoguswa. Mkojo ukiwa kidogo tu, habari inayokwenda juu ni kwamba kibofu kimejaa. Msuli unapokea ujumbe wa kuminya, unaminya. Mtoto anakimbia, anatoa matone, anarudi. Baada ya muda mfupi, tena. Usiku akiwa amelala hana wa kufunga mlango. Hadanganyi. Kibofu chake ndicho kinachodanganywa."

Akaongeza jambo jingine. Kuminya huko kunapofika mwisho, kibofu kinajikunja kabisa na zile sehemu zilizojeruhiwa zinabanwa. Ndiyo maana damu ya kichocho hutokea mwisho wa mkojo, na ndiyo maana mtoto anatoka chooni amekunja uso. Uso ule niliuona kwa miezi mitatu nikauita kiburi.

Nikamuuliza na habari ya kumnyima maji. Akatikisa kichwa. Maji yakipungua, mkojo unakuwa mzito na mkali, na mkojo mkali juu ya utando uliojeruhiwa unazidi kuuchokoza. Kwa lugha nyingine, dawa yangu ilikuwa ikiongeza ugonjwa.

Niliporudi nyumbani niliendelea kusoma kwenye simu, usiku baada ya watoto kulala. Nilikuta kwamba hata wataalamu walichelewa kuujua utando huu. Kwa miaka mingi waliufikiria kama plastiki ya kuzuia uvujaji tu. Mwaka 1997 watafiti walionyesha, kwa kutumia kibofu cha sungura, kwamba utando ukivutwa unatoa ile ATP. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walichukua vipande vya msuli wa kibofu cha mnyama, vingine vikiwa na utando wake na vingine umebanduliwa. Walipovipa kemikali ya kuvikaza, vile vilivyobanduliwa utando vilijikaza kwa nguvu zaidi. Maana yake utando ulikuwa ukiutuliza msuli muda wote, na hakuna aliyejua. Kitu hicho kinachotuliza hata jina lake halisi bado kinatafutwa. Nilijisikia nafuu kidogo. Kama madaktari wakubwa waliichukulia bitana kuwa kitambaa tu, mimi mshonaji wa Pujini ningejuaje?

Lakini kichocho nilipaswa kukijua. Hili ndilo linaloniuma.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewatambua minyoo hawa, mjini Cairo, mwaka 1851, na hata leo wengi wanauita bilhazia. Unguja na Pemba tuna aina moja tu, ile ya kwenye njia ya mkojo. Mtu mwenye minyoo akikojoa kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mayai yanaanguliwa humo. Kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono mdogo wa majini, kinaingia ndani yake na kuzaliana kwa wiki kadhaa. Kisha hutoka vijidudu vingi vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho. Vikikuta mguu wa mtoto vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Vinasafiri kwenye damu, vinakua minyoo, vinakwenda kukaa dume na jike kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Hapo jike anataga kila siku, kwa miaka.

Pemba yetu ina vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga. Baada ya mvua, maji yanajaa na watoto wanajaa.

Tulipokuwa wadogo ugonjwa ulikuwa kila mahali. Kisha kazi kubwa ikafanyika. Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ilifunguliwa maabara ya afya ya jamii mwaka 2000, yenye jina la mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea, Ivo de Carneri, na humo magonjwa kama haya yanachunguzwa mpaka leo. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ukaja mradi mkubwa wa kukitokomeza kichocho Unguja na Pemba. Watu walipewa vidonge skuli na majumbani. Katika baadhi ya shehia konokono waliuliwa kwa dawa majini, na kwingine watoto walifundishwa michezo ya kucheza mbali na maji yenye ugonjwa. Wengi mnakumbuka foleni za dawa.

Kazi ile ilizaa matunda. Kichocho kilipungua sana. Lakini hakikwisha. Kimebaki mahali mahali, kijito hiki kinacho, kile hakina. Na sisi wazazi tulipoacha kuona damu kwenye mikojo ya watoto kila siku, tukakisahau. Mimi niliyekiugua nikiwa darasa la tatu sikukifikiria hata mara moja mwanangu alipokuwa darasa la tatu. Niliufikiria uvivu.

Dawa yenyewe ni prazikwanteli. Inatolewa kwa uzito wa mwili, miligramu 40 kwa kila kilo. Mwanangu alipata kidonge kimoja na nusu, akameza akiwa ameshiba. Ni chungu, akakunja uso, akaumwa tumbo na kizunguzungu mchana ule, kisha akalala. Muuguzi alitutaka turudi baada ya wiki kadhaa kupima tena, kwa sababu dawa hii inaua minyoo mikubwa na inaiacha ile michanga. Kweli tuliporudi alimpa dozi ya pili.

Alinionya pia nisitegemee miujiza ya siku moja. Minyoo inakufa haraka, bitana inapona polepole. Kwa watoto, alisema, kibofu kina bahati: kikitibiwa mapema, uvimbe mwingi huondoka ndani ya miezi. Kikiachwa miaka mingi, ukuta unakakamaa, mkojo unaweza kurudi nyuma na kuharibu figo, na ukubwani kuna hatari hata ya saratani ya kibofu. Kwa wasichana, mayai yanaweza kunasa pia kwenye viungo vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na damu ambayo wengine huidhania vingine na kumshuku mtoto wa watu bure.

Wiki ya kwanza hakukuwa na tofauti. Wiki ya tatu niliona amekaa akala mpaka akamaliza. Mwezi wa pili godoro lilikuwa kavu siku sita mfululizo. Nililibeba nikalirudisha ndani, nikaliweka mahali pake.

Sasa, mzazi mwenzangu, nikwambie niliyojifunza, ili wewe usipite nilipopita.

Si kila mtoto anayekojoa kitandani ana kichocho. Wapo watoto wazima kabisa ambao mwili wao unachelewa tu. Kati ya watoto wa miaka saba, karibu mmoja katika kila kumi bado hulowesha kitanda mara kwa mara, na wengi huacha wenyewe. Huyo naye hahitaji kofi. Hakuna mtoto anayeamua usingizini.

Cha kuangalia ni mabadiliko. Mtoto alikuwa mkavu kwa miaka, ghafla ameanza tena. Au mchana anakwenda chooni mara nane au zaidi, wakati mtoto mzima kwa kawaida huenda kati ya mara nne na saba. Au anakimbia kwa haraka na anatoa matone. Kibofu cha mtoto wa miaka minane kinaweza kuchukua mkojo kadiri ya kikombe kikubwa cha chai. Akitoa kijiko kila nusu saa, kuna kinachokichokoza.

Muulize rangi ya mkojo, hasa wa mwisho. Usimuulize mbele za watu. Na kabla ya kumuuliza, mwambie hutampiga, kisha utimize ahadi hiyo. Mwanangu alikuwa na jibu la ugonjwa wake tangu siku ya kwanza. Kilichomfunga mdomo ni mkono wangu.

Mpeleke akapimwe mkojo. Kinaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, ambayo nayo yanauvimbisha utando uleule na kuleta dalili zilezile. Inaweza kuwa kukosa choo kikubwa kwa siku nyingi, utumbo ukajaa na kukibana kibofu. Na kama anakunywa maji kupita kiasi, anakonda, na anakojoa mkojo mwingi, mwambie daktari upesi ampime sukari. Usimpe dawa za dukani kwa kukisia.

Usimnyime maji. Mpe ya kutosha mchana, punguza kidogo tu karibu na kulala, na chai ya rangi jioni muepushe, maana nayo inakichokoza kibofu.

Na maji ya mtoni? Hapa nitasema ukweli, kwa sababu mtoto wa Pemba huwezi kumfungia ndani. Bahari haina kichocho. Konokono wale hawaishi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo akiwa na mtu mzima wa kumwangalia, afadhali aoge pwani. Kwenye kijito na dimbwi asiingie, na zaidi ya yote asikojoe humo, kwa sababu mkojo wa mtoto mmoja unawatosha konokono kuambukiza watoto wa kijiji. Maji ya kijito ukiyachota, yakakaa kwenye ndoo siku mbili bila konokono, au ukayachemsha, yanafaa kuogea. Na skuli wakigawa dawa ya kichocho, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu ya uvumi.

Imebaki kueleza jambo moja, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko kwenda hospitali.

Siku tuliyorudi na dawa nilimwita mwanangu barazani, nikawaita na ndugu zake, na wale binamu nikawatuma waje. Niliwaambia wote kwamba mwenzao alikuwa anaumwa, kwamba jina lile nililianzisha mimi, na kwamba kuanzia siku ile anayelitaja atazungumza na mimi. Kisha nikamgeukia yeye nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Kwetu si kawaida mzazi kumwomba mtoto radhi mbele ya watoto wengine. Mama yangu alikuwa amekaa pale na tasbihi yake, hakusema kitu, lakini alisogea kunipisha nikae karibu naye.

Mtoto alikaa kimya, anachezea ukingo wa mkeka. Nilidhani atalia, au atauliza kwa nini nilimpiga. Akauliza jambo jingine.

"Nikiona kiu usiku, utanipa maji?"

Tangu siku ile kuna kikombe cha maji kimefunikwa kwa kisahani karibu na kitanda chake. Asubuhi nyingi nakikuta kimejaa vilevile. Nakimwaga, nakiosha, na jioni nakijaza tena.